Masizi Mgongoni mwa Tulizo

Paukwa!

Pakawa!

Aliyebeba?

Atue.

Aliyetua?

Akae asikie.

Basi kaeni. Na mwenye usingizi akalale mapema, maana hadithi hii ni ya mtu aliyekuwa macho.

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji cha wachoma chokaa. Mawe yalichimbwa bondeni, tanuri lilikuwa juu kilimani, na kati ya bonde na tanuri walikuwapo punda. Kila punda, ko-ko, ko-ko, shogi zake mbili za ukindu zimejaa mawe, moja huku na moja huku. Anapanda, anashushwa mzigo, anateremka. Anapanda tena.

Katika kijiji hicho aliishi Mbwarali. Moyo wake mwema, lakini hasira zake zilikuwa karibu kama kope na jicho. Alikuwa na punda mmoja wa kijivu, jina lake Tulizo, na huyo ndiye jembe lake, ndiye shamba lake. Tulizo akifanya kazi, chungu kinapanda mekoni. Tulizo akigoma, chungu kinalala kifudifudi na watoto wanakitazama.

Mwaka ule mvua zilikuwa zimekaribia na tanuri halijajaa. Tulizo akaanza kuanguka. Akifika katikati ya kilima anatetemeka, anakunja magoti, pu, chini. Mbwarali anamchapa, anainuka. Hatua chache, pu, chini tena. Wenzake wanampita na wimbo wao:

Panda punda panda, tanuri lina njaa,
Panda punda panda, mawingu yamejaa.

Mbwarali akiusikia wimbo ule alitamani kuwarushia mawe.

Sasa, kijiji kile kilikuwa na dawa yake ya punda anayeanguka. Walimchana pua. Walisema pumzi haimtoshi, na tundu likipanuliwa upepo utaingia wa kutosha. Mchanaji alikuwa mzee Ngwali, mwenye kisu alichoachiwa na baba yake. Hakuwa mkatili. Alifanya alivyofunzwa. Mbwarali alikuwa na punda mwingine kabla ya Tulizo. Alichanwa pua, nzi wakaingia kidondani, akafa. Mbwarali hakupenda kabisa kuukumbuka mlio wa punda yule alipochanwa. Lakini wenzake walipomuuliza anangoja nini, akamwita Ngwali.

Asubuhi Tulizo kafungwa mtini, Ngwali ananoa kisu, shii, shii, shii. Ndipo akatokea Bi Kazija.

Bi Kazija alikuwa mkandaji. Kila mwanamke aliyejifungua kijijini alipita mikononi mwake, na pia wabeba mawe wenye viuno vibovu. Siku hizo alikuwa ameanza mambo ambayo watu hawakuyaelewa. Alikaa njiani akitazama punda wanavyopita. Aliwapapasa. Alikwenda nyumba kwa nyumba akiuliza habari za waliochanwa pua. Watu wakacheka, wakasema bibi kawamaliza binadamu, sasa anakanda punda. Aliendelea kuuliza.

Akamwamkia Ngwali, kisha akamuuliza jambo moja tu: "Wale uliowachana, nani anapanda kilima leo?"

Ngwali akaacha kunoa. Akafikiri. Mzee yule alikuwa mkweli, nampenda kwa hilo. "Alipanda wa Mwinyikombo," akasema. "Kidogo. Kisha naye akaanguka."

"Basi pua haina kosa."

Mbwarali hasira zikampanda. Akasema tanuri linamngoja, mvua hiyo inakuja, na kama si pua basi waambiwe ni nini, au ni uvivu.

"Sijui," akasema Bi Kazija.

Mbwarali akaduwaa. Hakuwa amewahi kumsikia mtu mzima wa kijiji kile akisema hajui.

"Sijui, mwanangu, ndiyo maana nimekuja kutazama. Niletee masizi ya chungu, nitie alama."

Mbwarali akasema chokaa ipo tele, kwa nini ahangaike na masizi. Bi Kazija akamkazia macho. Chokaa inaunguza ngozi, amesema masizi. Masizi yakaletwa.

Akaligeuza tandiko. Lilikuwa tandiko la mti, na mti wake mkuu ulilala juu ya uti wa mgongo wa punda, shogi zikining'inia hapo. Akalipaka masizi chini kote, jeusi tititi. Akaagiza Tulizo atandikwe, apewe mawe machache, atembezwe mpaka kwenye kona na kurudi. Ko-ko, ko-ko, akaenda. Ko-ko, ko-ko, akarudi. Tandiko likaondolewa.

Juu ya ule mgongo wa kijivu palikuwa na mstari mmoja mweusi, katikati, juu ya mfupa. Pembeni penye nyama, masizi hayakugusa kabisa.

Bi Kazija akabonyeza mbavuni kwa vidole viwili. Tulizo kasimama. Akabonyeza shavu la paja. Tulizo kasimama. Akabonyeza pale penye weusi, ambapo chini ya manyoya ngozi imechubuka. Pu, punda akapiga magoti, wala hana hata jiwe moja mgongoni.

Ngwali akakirudisha kisu alani.

"Haanguki kwa kukosa pumzi," akasema Bi Kazija. "Anaanguka kwa maumivu. Mawe yote mnayaweka juu ya mfupa mmoja. Tandiko hili likatwe."

Hapo pakawa pagumu. Tandiko katika kijiji kile lilikuwa urithi. Babu hulichonga, baba hulitumia, mwana hulipokea. Kulikata likiwa zima ni kama kumtukana marehemu kaburini. Mbwarali akalivuta tandiko kwake.

"Unaniambia babu yangu alikuwa mjinga?"

"Babu yako nilimjua," akajibu bibi. "Alilichonga kwa punda wake, mnene kama pipa. Angekuwepo leo angemtazama huyu punda kwanza, ndipo alitazame tandiko. Wewe umelitazama tandiko tu."

Mbwarali akashika shoka. Akasimama nalo. Akamtazama Tulizo, aliyekuwa bado magotini, akiramba mavumbi. Akakumbuka ule mlio asioutaka. Akalikata tandiko mwenyewe, wala hakukubali kusaidiwa.

Ngwali akachonga mbao mbili za kulala mbavuni, moja kila upande, na Bi Kazija akashona mito miwili akaijaza sumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi. Katikati wakaacha mfereji, mfupa upumue. Mbwarali akadhani kazi imekwisha, akaanza kupakia mawe. Bibi akamzuia. Kidonda kipone kwanza.

"Na mawe?"

"Una mgongo."

Basi Mbwarali akabeba mawe mwenyewe. Akapanda, akateremka, akapanda. Wenzake wakampita na wimbo wao, na mmoja akamuuliza kama pumzi inamtosha au aitiwe Ngwali amchane pua. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Mbwarali aliendelea kupanda. Alikuwa akisikia mfupa wake. Jioni alikwenda kwa Bi Kazija akandwe, na bibi alimkanda bila kumsema, ingawa alikuwa na haki ya kumsema.

Ngozi ya Tulizo ikafunga. Wakalipaka tandiko jipya masizi, wakamtandika, wakamtembeza. Safari hii weusi ukakaa mbavuni, mistari miwili mipana, na katikati palikuwa peupe. Akapakiwa. Kijiji kizima kikasimama njiani.

Ko-ko, ko-ko. Akafika katikati ya kilima. Mbwarali akafumba macho. Ko-ko, ko-ko. Alipoyafumbua punda amempita, anapanda peke yake, masikio mbele. Mawe ya mwisho ya Mbwarali yaliingia tanurini matone yakianza kudondoka.

Kesho yake mlangoni kwa Bi Kazija palikuwa na foleni ya watu wenye vyungu vyeusi. Wakamwomba awafunze. Akawafunza, kwa namna yake. Aliyesema, "Bibi, tunakuamini," alifokewa. Aliwaambia wasimwamini yeye, wabonyeze. Kila mtu apake masizi tandiko lake, kila mtu aweke kidole chake mwenyewe, aone. Wakaona. Matandiko ya mababu yakakatwa, na hakuna babu aliyefufuka kulalamika. Ngwali akawa fundi wa matandiko, na hakuchana pua tena mpaka kufa kwake.

Mbwarali akataka kushukuru. Alikuwa na kuku mmoja mnono. Akamfunga miguu kwa kamba, akamshika kichwa chini kama watu wote walivyobeba kuku, akaenda nyumbani kwa Bi Kazija. Akasema maneno mazuri aliyoyapanga njia nzima, kwamba watoto wake wanakula kwa sababu ya bibi, kwamba hatamsahau.

Bi Kazija akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na huyo naye amekuja kunishukuru?"

Mbwarali akamtazama kuku. Mdomo wazi, mabawa yananing'inia, macho yamegeuka. Akaona aibu, akatafuta hasira zake, asizipate. Akamgeuza taratibu, akamfungua kamba, akampakata kifuani kama mtoto. Kuku akatulia.

"Sasa nimeshukuriwa," akasema Bi Kazija. "Karibu ndani."

Mungu amrehemu bibi yule. Kwa wachoma chokaa wale, mpaka leo ukimwona mtu amempakata kuku njiani, usimcheke. Anaadhimisha jina la mtu.

Nanyi shikeni hili: asiyeweza kusema mahali panapomuuma, wewe mwenye mikono ndiye wa kupatafuta. Na usipopajua, sema sijui, kisha utafute.

Hadithi yangu imekomea hapo. Utamu wake ni wenu, ukali wake ni wangu.