Nyasi Alizozificha Kapinga

Nikisema "Zamani!" nyie mnaitika "Ilikuwepo!" Haya, zamani!

Eeh, nimesikia. Wewe Hyera, toa kidole puani, usikilize.

Zamani hizo, milima hii yetu ilipokuwa bado michanga, aliolewa hapa binti mmoja jina lake Kapinga. Akapewa mteremko alime. Desturi ya enzi hizo ilikuwa ngumu: bibi harusi anapewa misimu miwili, na asipojaza kihenge cha ulezi anarudishwa kwao. Na Kapinga alimpenda mumewe, jamani, alimpenda! Habari ya kurudi hakutaka hata kuisikia.

Mwaka wa kwanza alifanya kama wote. Akafyeka, akachoma, akafagia. Shamba likang'aa kama ua wa nyumba. Mvua ikanyesha, udongo ukateremka, ukateremka, ukaishia mtoni. Kihenge hakikufika nusu.

Mwaka wa pili akafyeka tena. Akapanga nyasi mistari ya kushuka na mistari ya kukatiza, zikauke achome. Mvua si ikawahi! Akiwasha, moshi. Akiwasha tena, moshi. Na siku ya tatu mama mkwe angekuja kukagua. Mnamjua mama mkwe wa zamani nyie? Hammjui.

"Sasa nimekwisha," Kapinga akasema. Akashika jembe. Akachimba katikati ya mistari, akafukia nyasi kwa udongo huo, akachimba, akafukia, siku tatu hizo, mpaka uchafu wote ukapotea. Shamba likabaki matuta na mashimo, mashimo na matuta.

Mama mkwe akafika na fimbo yake. "Mashimo yote haya ya nini? Umekuja kuolewa au kuzika watu?"

"Ndivyo ninavyolima, mama," Kapinga akajibu, macho makavu. "Subiri mavuno."

Hakujua kitu, maskini! Lakini alisema kama anayejua.

Mvua ikamwagika siku saba. Mashamba ya jirani yakakimbilia mtoni. La Kapinga je? Maji yaliingia mashimoni yakatulia humo, udongo ukabaki. Nyasi zikaoza ndani ya matuta, udongo ukawa mweusi, laini, umejaa nyungunyungu. Kihenge kikajaa mpaka ulezi ukamwagika chini.

Watu wakaja mbio. "Kapinga, umetumia dawa gani?"

Angeweza kuwadanganya, akajipatia jina. Lakini alimtazama mama mkwe, akacheka. "Dawa sina, mama. Nilikuwa naficha uchafu usiuone."

Mama mkwe akaingia shambani. Akainama, akachota udongo, akaunusa. Kisha akaweka fimbo chini, akaomba jembe.

"Haya, mwanangu. Nifundishe kuficha."

Basi shikeni hili, wajukuu zangu: nyasi si uchafu, ni chakula cha udongo. Atakayewaambia mchome, mtumeni kwangu nimwoneshe mashimo ya Kapinga, tunayalima hadi leo.

Mzigo wangu nimeutua hapa; mwenye mabega aubebe. Zamani!