Karatasi ya Kiranja Fisi

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama nao walikuwa na shule. Walivaa sare, walikaa kwenye madawati, na kila Jumatatu walikaguliwa kucha. Darasa la pili lilikuwa la Mwalimu Twiga, na kiranja wake alikuwa Fisi. Huyo Fisi alikuwa amelirudia darasa hilo miaka mitatu. Alipewa ukiranja kwa sababu ya sauti yake nene, si kwa sababu nyingine.

Kwenye dawati la mbele kabisa alikaa binti Kindi, mdogo kuliko wote. Akikaa, miguu yake haikufika chini.

Siku moja ilikuwa Sherehe ya Kumaliza Kitabu. Kila mtoto angesimama mbele ya wazazi na kusoma ukurasa mmoja, kisha wote wangekula vitumbua. Aliyesoma alipanda darasa la tatu. Asiyesoma alibaki palepale. Akina mama walikuwa wameleta vitumbua tangu asubuhi, beseni zima, likafunikwa kitambaa cheupe na kuwekwa juu ya meza ya mwalimu. Harufu ya iliki ilijaa darasani mpaka Kobe akashindwa kujumlisha.

"Nakwenda kuwapokea wazazi," akasema Mwalimu Twiga. "Kiranja, atakayefanya vibaya mwandike jina. Na leo jina likiingia kwenye karatasi, mwenye jina hasomi."

Akatoka. Dirishani waliiona shingo yake ikienda, ikienda, hata ikapotea.

Halafu, fwii, kitambaa kikavutwa.

"Nionje kimoja tu," akasema Fisi. "Nijue kama vimeiva."

Kwap. Kimoja kikaenda. Kwap, kwap. Kutoka nyuma akaja rafiki yake Nyati, madawati yakisogea pembeni krrr, krrr.

"Na mimi nionje," akasema Nyati.

Wakaonja. Wakaonja tena. Kindi alikuwa akihesabu kwa macho, mpaka hakukuwa na cha kuhesabu. Ndani ya beseni yalibaki makombo na mafuta.

Kwa mbali zikasikika sauti za akina mama wakisalimiana. Fisi akaacha kutafuna.

"Nyati, vimekwisha."

"Nimeona."

"Mwalimu atauliza vimeliwa na nani."

"Mwambie wamekula wadogo," akasema Nyati. "Ukiyaweka matumbo yao pamoja, beseni linaenea."

Fisi akajifuta mdomo kwa kile kitambaa cheupe. Akachukua karatasi na penseli. Akaitazama penseli upande huu, akaigeuza upande ule. Kuandika alikuwa hajui, na darasa zima lilijua. Siku zote alichora: gamba kwa Kobe, mkia kwa Panya. Lakini wiki hiyo Mwalimu Twiga alisema michoro basi, sasa waandike majina.

"Wewe Kindi, njoo hapa. Mwalimu anausifu mwandiko wako. Leo utaniandikia."

"Nikuandikie nini, kaka Fisi?"

"Wezi wa vitumbua. Andika Panya. Andika Kobe. Andika Kware."

Kware akaanza kulia kimyakimya. Kobe akarudisha kichwa ndani.

"Na wa nne ujiandike wewe mwenyewe."

"Lakini mimi sijala."

"Hata mimi sijala. Nyati, umeniona nikila?"

"Sikuona," akasema Nyati. "Nilikuwa nakula."

"Na nisipoandika?" Kindi akauliza, sauti ikiwa ndogo kama uzi.

"Nyati atakukalia."

Nyati akalipima dawati la Kindi kwa macho. Halikumtosha hata upande mmoja.

Kindi akashika penseli. Huko nje alikuwapo mama yake, amevaa kanga mpya, amekuja kumsikia mwanawe akisoma. Akiandika jina lake, hasomi. Asipoandika, anakaliwa. Akawatazama wale wakubwa wawili, akaitazama karatasi tupu. Hawa hawajui kusoma, akawaza. Nikiandika kweli yote, watajuaje?

Akaigusisha penseli kwenye karatasi aanze na jina la Fisi. Mara mkono ukasita. Kwenye mfuko wa shati la Fisi, mama yake alikuwa amedarizi jina lake kwa uzi mwekundu. Nyati naye alikuwa amelichonga lake kwenye dawati kwa msumari. Kusoma hawakujua, lakini kila mmoja aliijua sura ya jina lake.

"Mbona umesimama?" akafoka Fisi.

"Napanga mistari, kaka, isipinde."

Kindi akaandika. Kila alipomaliza mstari alitaja jina. "Panya," akasema. Akashuka. "Kobe." Akashuka tena.

"Ngoja," akasema Fisi. "Mbona Panya amekuwa mrefu hivyo?"

"Nimeweka na jina la baba yake, na la babu yake. Ukoo wao ni mkubwa."

"Hilo kweli," akasema Nyati. "Kwetu wamejaa mpaka jikoni."

Mistari minne ikatimia. Fisi akainama juu ya karatasi. Akaangalia uzi wa mfukoni, akaangalia karatasi. Akaangalia uzi, akaangalia karatasi.

"Langu halipo," akasema Fisi. "Nyati, tafuta lako."

Nyati akatafuta huku midomo ikicheza. "Halipo."

"Haya, nisomee nisikie."

"Panya, Kobe, Kware, Kindi," akasoma Kindi. Fisi akayarudia mara tatu mpaka yakamkaa kichwani.

Mlango ukafunguliwa. Mwalimu Twiga akaingia, na wazazi nyuma yake. Watoto wakasimama.

"Shikamoo, mwalimu. Shikamooni, wazazi."

Hakuna aliyewahi kuitikia. Wote walikuwa wakilitazama beseni.

"Mwalimu, wezi nimewaandika," akasema Fisi, akainua karatasi.

"Umeandika mwenyewe?"

"Mwenyewe, kwa mkono huu."

"Vizuri. Basi wasomee wazazi."

Hili Kindi hakuliwaza. Alidhani mwalimu ndiye atakayesoma.

"Panya," akanguruma Fisi bila hata kuitazama karatasi. "Kobe. Kware. Kindi."

Wazazi wakanong'ona. Mama Kindi akaziba mdomo kwa pindo la kanga.

"Wewe, mwanangu?"

Kindi alitaka kujibu. Lakini Nyati alikuwa amesimama nyuma yake, na pumzi yake ya iliki ilimpiga shingoni.

Mwalimu Twiga akaishusha shingo yake taratibu, taratibu, mpaka kichwa kikafika juu ya bega la Fisi.

"Umesoma mbio, kiranja. Rudia. Na uweke kidole chini ya kila neno."

Fisi akaweka kidole kwenye neno la kwanza. "Panya." Neno la pili. "Kobe." La tatu. "Kware." La nne. "Kindi." Kidole kikaishia hapo, juu kabisa ya karatasi.

"Na maneno haya mengine yote?"

"Hao ni... ni baba zao, mwalimu."

Mwalimu Twiga hakucheka. Akaichukua karatasi na kusoma polepole, kila mtu asikie:

"Kiranja wetu amekula vitumbua vyote. Mwenzake mwenye pembe amemsaidia. Panya, Kobe na Kware hawajaonja hata kimoja. Mimi Kindi naandika haya kwa hofu. Mwalimu, tazama vidole vyao."

Akaiinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha. Chini ya maneno manne ya kwanza yalionekana madoa manne ya mafuta, yaking'aa.

Nyati akautafuta mlango. Akina mama walikuwa wameujaza.

"Mimi nilisaidia tu," akasema.

"Lakini jina langu halimo humo," Fisi akalia. "Nimetafuta."

"Jina halimo," akasema Mwalimu Twiga. "Wewe umo."

Sherehe ile haikuwa na vitumbua. Kindi alipandishwa juu ya kiti ili aonekane, akasoma ukurasa wake hadi nukta ya mwisho, na mama yake akapiga vigelegele peke yake kabla wengine hawajamfuata. Fisi alikuwa dawati la mbele, magoti yamegusa kidevu, kitabu kimefunguliwa ukurasa wa kwanza.

Nami hapa nafunga, watoto wangu: jifunzeni kusoma, maana asiyejua kusoma aweza kuushika ushahidi wa kosa lake na kuupeleka mwenyewe kwa mwalimu.