Jina la Gitaa la Mihambo

Hapo zamani, na si zamani ya mazimwi, ni zamani hii hii ya baiskeli na redio, kulikuwa na mpiga gitaa la besi wa Sikonge aliyeitwa Mihambo. Akigusa uzi mmoja tu, hata waliokuja kusuluhishwa ugomvi walicheza. Basi homa kali ikamshika. Ikamwachia uhai, ikamnyang'anya masikio. Akawa kiziwi kabisa.

Mkewe Nyamizi alimwona kila asubuhi akilitazama gitaa la bendi, machozi yakimlengalenga. Akasema moyoni, "Bora lisiwepo machoni pake." Akalirudisha kwa wenyewe. Alifanya kwa mapenzi, jamani, lakini majuto ni mjukuu. Alipotambua kosa, bendi ilikwishahama mji, na Mihambo alikwishafunga mdomo. Chumvi akiitaka, anaonyesha kwa kidole. Mwaka mzima Nyamizi hakusikia jina lake kinywani mwa mumewe. Ilimuuma, tusidanganyane.

Mihambo alikuwa na rafiki, Kapela, mchonga mizinga ya nyuki. Siku moja Kapela akamwambia Nyamizi, "Shemeji, mzinga wenye nyuki mimi siujui kwa sikio. Naweka shavu. Ukinguruma, mfupa wangu unajua. Tumchongee Mihambo gitaa lenye tumbo, alikumbatie, alisikie kwa kifua."

"Na mbao, shemeji?"

"Iwe mninga mkavu wa miaka. Mbichi itapinda."

Nyamizi akakitazama kitanda alichopewa na mama yake siku ya harusi. Ubao wa kichwani ulikuwa mninga mtupu. Akaung'oa.

Kapela akachimba. Anachimba, anagonga kwa kidole, anachimba tena, mpaka tumbo lote likawa tupu kama mzinga. Ndicho alichokijua, mtamlaumu kwa lipi? Lakini mzinga unabeba asali, na asali haivuti kama nyaya za gitaa.

Nyaya zikatoka kwa Kabula, dada mdogo wa Mihambo, fundi baiskeli. Alichomoa nyaya mbili za breki kwenye baiskeli yake, na mbili kwenye ya mumewe. Mume akawa anakwenda kazini kwa miguu, analalamika njia nzima. Wakazifunga nyaya, wakakaza, wakakaza. Paa! Tumbo likabonyea, shingo ikang'oka. Kapela akakaa chini, akashika kichwa.

"Pole, kaka," Kabula akasema. "Hata baiskeli ina mabomba ya kuishikilia. Safari hii acha kipande kizima katikati, kuanzia shingoni hadi chini. Chimba kushoto, chimba kulia, katikati usiguse."

"Mbao nyingine tutaitoa wapi?"

Nyamizi akainuka. Akaingia ndani, akatoka na ubao wa miguuni wa kitanda kile. Tangu hapo yeye na mumewe wakalala mkekani, na mume akamtazama tu asimwelewe.

Kapela akachimba kushoto, akachimba kulia, katikati hakugusa. Huku nyuma miti ya miyombo ikachanua, wenzake wakatundika mizinga porini, yeye hakutundika hata mmoja. Nyuki hawamngoji mtu. Mwaka ule Kapela hakulamba asali.

Siku ya siku ikafika. Wakamwekea Mihambo gitaa mapajani, naye akalisukuma. Nyamizi akapiga magoti, akamshika mkono, akauweka juu ya waya mmoja. Mihambo akagusa mara moja. Akashtuka. Akalikumbatia, akaegemeza kidevu juu ya ubao, akagusa tena. Kifua kikanguruma! Akapiga wimbo mzima bila kukosea, machozi yakimchuruzika hadi kwenye ndevu. Nyamizi naye akalia kwa sauti, wala hakuona haya.

Sasa, wapigaji wa kule walikuwa na desturi. Gitaa jipya huitwa kwa jina la mtu, mtu mmoja tu, na mpigaji ndiye anayelitaja baada ya wimbo wa kwanza. Jina hilo halibadilishwi.

Kapela akasema, "Shavu langu ndilo lililojua, na mikono ni yangu. Nami sina mtoto wa kurithi jina langu."

Kabula akasema, "Kaka, bila mimi ungekuwa unachonga mzinga wa tatu. Nyaya zangu, akili ya kuacha katikati ni yangu, na huyu ni damu yangu."

Kabula akamgeukia Nyamizi. "Na wewe, wifi?"

"Mimi ndiye niliyemwondolea la kwanza," akasema. "Kitanda ni mbao tu. Gitaa liitweni mnavyotaka. Mimi nataka aniite, hata kwa kunigombeza."

Mihambo hakusikia hata neno moja la hayo. Alinyamazisha nyaya kwa kiganja. Akaitazama mikono ya Kapela, imejaa malengelenge. Akamtazama dada yake, na baiskeli isiyo na breki iliyoegemea ukuta. Akautazama ubao aliokumbatia, akautambua, akamtazama mkewe aliyekuwa bado amepiga magoti. Akafungua kinywa kilichofungwa mwaka mzima. Sauti ikakwaruza, ikatoka, ikataja jina moja.

Mimi nalijua, na silisemi, msinibembeleze. Ninyi semeni kwanza: kama kifua kile kingekuwa chenu, na kinywa mnacho kimoja, mngemtaja nani? Je, kati ya hao watatu, nani alistahili?