Tezo ya Vuai na Ndevu za Mbaruku

Hapo zamani, mji wa Mwambakoko ulipokuwa na mafundi wengi kuliko nyumba za kujenga, alikuwako sultani aitwaye Mahfudhi, ambaye maisha yake yote hakuwahi kupigilia msumari. Viatu alivishwa, maji alimiminiwa, na machungwa alimenyewa. Basi siku moja mgeni kutoka ng'ambo akamletea zawadi ya patasi, makali yake ya chuma cha pua na mpini wake wa mpingo. Sultani akaipitisha juu ya uzi uliochomoza kwenye kilemba chake, uzi ukakatika. Akatafuta uzi mwingine akaukata, na mwingine tena, na ilipofika adhuhuri kilemba kilikuwa kimekwisha.

Akamwita waziri wake, akamwambia, "Waziri, nimegundua jambo. Mimi ni fundi."

Waziri akasema, "Bwana wangu, fundi wa kazi gani?"

"Hilo tutaliangalia baadaye. Kwanza nataka vyombo."

Ikatoka amri kwamba kila fundi wa Mwambakoko atoe kile chombo akipendacho kuliko vyote, kikae jumbani. Askari waliotumwa walikuwa watu wa kutii, wala hawakungoja mtu amalize alilokuwa akilifanya. Msumeno wa seremala ulichukuliwa ukiwa katikati ya ubao. Mwiko wa mwashi ulikwenda na chokaa yake mbichi. Koleo la mng'oa meno lilibanduliwa kwenye jino la mteja, jino likabaki linaning'inia. Na wembe wa kinyozi ulichukuliwa wakati Mbaruku, mwuza vitambaa, amekwisha nyolewa ndevu za upande wa kulia, na za kushoto bado.

Fundi wa mwisho kufikiwa alikuwa Vuai, mchonga mbuzi za kukunia nazi. Watu wa mji walimwona mpumbavu, kwa sababu mafundi wenzake walikuwa na masanduku ya vyombo naye alikuwa na tezo moja tu. Kwa tezo hiyo alikata magogo, akachonga viti vya mbuzi, akatoboa, akalainisha, na siku za sikukuu akakatia nyama. Akiulizwa kwa nini hanunui chombo cha pili, alijibu kwamba cha kwanza hakijaisha.

Askari akamwambia, "Vuai, toa chombo unachokipenda kuliko vyote."

Vuai akasema, "Na kile nisichokipenda je?"

"Hicho kaa nacho."

"Basi niachieni tezo hii, maana leo asubuhi imenikata kidole na hatusemezani."

Askari akaichukua.

Siku ya pili mafundi wakaitwa barazani. Vyombo vyao vilikuwa vimepangwa juu ya zulia, vimepakwa mafuta ya waridi, na askari amesimama na upepeo akivifukuzia nzi. Sultani akasema, "Enyi mafundi, nimevitazama vyombo hivi usiku kucha, na kila nikikiona kimoja kuwa bora, kingine kinanitazama kwa huzuni. Nataka nijue kipi ni bora kuliko vyote. Kila mtu na aseme neno lake."

Seremala akasema kwamba chombo kizuri hujulikana kwa uzito. "Msumeno mwepesi hukufanya uusukume. Msumeno mzito huenda wenyewe, nawe unaufuata tu kwa adabu."

Mwashi akasema, "Uzito ni wa punda. Mwiko mpya haufai kitu. Mwiko huanza kuwa mwiko ukishakula kuta za nyumba nzima, nao wenyewe ukaliwa kwenye pembe. Huo wangu niliwahi kumwazima ndugu yangu, akaurudisha umenyooka. Tangu siku hiyo tunasalimiana kwa mbali."

Kinyozi akasema, "Mimi sinunui wembe kwa mtu mwenye ndevu. Kama wembe ni mzuri, amekosa nini asijinyoe?"

Mshona kofia, ambaye chombo chake kilikuwa sindano, akasema, "Nyinyi mnapima kwa kushika, mimi napima kwa kupoteza. Sindano mbaya ikianguka naiacha pale pale. Hiyo iliyo mbele ya Sultani ikianguka, nyumbani kwangu hakuna anayekula mpaka ipatikane."

"Mwezi uliopita mlifunga kabla ya Ramadhani," akasema mwashi.

"Tulifunga, na tukaipata."

Wakaanza kubishana. Seremala akauliza sindano inajenga nini. Mshona kofia akamwuliza kama kilicho kichwani mwake kilishonwa kwa msumeno. Mng'oa meno akasema kwamba vyombo vyote vile husifiwa na wenyewe, lakini koleo lake husifiwa na wateja, na huwa wanalia wakilisifu. Ilipofika alasiri wawili walikuwa wameshikana kanzu, na hakuna hata mmoja aliyekitaja chombo cha mwenzake kwa wema.

Sultani akamgeukia Vuai. "Na wewe mchonga mbuzi, mbona kimya?"

Vuai akasema, "Maulana, mimi sijui kuchagua. Ninacho kimoja."

Watu wakacheka. Sultani hakucheka. Akasema, "Sikilizeni hukumu yangu. Nawapa mpaka Ijumaa mkubaliane kwa kauli moja kipi ni bora. Mkikubaliana, kila mtu atachukua chake. Msipokubaliana, vitakuwa vyangu daima, na havitaguswa na mbao wala chokaa wala kidevu, maana chombo bora hakichafuliwi kwa kazi. Nami nitaitwa Fundi Mkuu wa Mwambakoko."

Mafundi wakatoka barazani wakitazamana. Kila mmoja alijua kwamba hatakubali, na kwamba wenziwe hawatakubali.

Wale wengine walikuwa na vyombo vya pili na vya tatu, vibovu lakini vipo. Vuai hakuwa na kitu. Mbuzi aliyokuwa akiichonga ilibaki kibarazani kwake ina mguu mmoja, na mnunuzi alikuwa amesema wazi kwamba hailipii mpaka aikalie. Mkewe, Bi Mize, akaitazama mbuzi ile, kisha akakitazama chungu, kisha akamtazama mumewe.

"Baba Shani, tezo itarudi?"

"Ikiwa seremala ataisifu sindano."

"Basi tafuta kazi ya kubeba mizigo," akasema Bi Mize, akakifunika chungu.

Vuai akaenda sokoni kutafuta mizigo. Akamkuta Mbaruku amekaa mlangoni pa duka lake, ameelekeza shavu lililonyolewa njiani. Lakini wateja waliotokea upande wa pili wa soko waliziona ndevu, wakadhani ni kaka yake mkubwa, na wawili wakamdai mambo waliyokubaliana na kaka yake. Mbaruku alipochoka akamwita kinyozi wake aliyekuwa akipita.

"Bwana, nimalizie. Huna wembe wa pili?"

"Ninao," akasema kinyozi, "lakini siwezi kumnyoa nao hata adui yangu. Halafu ndevu hizo si zangu tena. Unaijua ada yetu."

Nayo ilikuwa kweli. Mafundi wa Mwambakoko walikuwa na ada ya kale, waliyoiweka ili watu waache kunyang'anyana vyombo: anayekitoa chombo mkononi mwa fundi kabla kazi haijaisha, ameichukua na kazi yenyewe, na mwenye kazi humfuata yeye. Kwa ada hiyo watu waliazimana wake zao kwa ushauri na watoto wao kwa kutumwa, lakini randa hawakuazimana.

Vuai akasimama. Akamwuliza kinyozi, "Kwa hiyo ndevu za Mbaruku ni za nani?"

"Za aliyeuchukua wembe."

"Na jino la yule mtu, lile linaloning'inia?"

"La aliyelichukua koleo."

Vuai hakutafuta mizigo tena. Akazunguka mjini nyumba kwa nyumba, akiuliza nani ana kazi iliyoachwa njiani.

Ikawa asubuhi ya Ijumaa Sultani anaamka, anasikia kelele, anachungulia, na anaona safu ya watu kutoka mlango wa jumba mpaka kisimani. Mbele alikuwa Mbaruku. Nyuma yake mtu amejifunga kitambaa shavuni, hasemi, anaonyesha kinywa kwa kidole. Nyuma yake bibi mmoja aliyebeba kitanda chenye miguu ya upande wa kichwani tu, akilalamika kwamba kila akilala anaamkia mlangoni. Nyuma yake mwenye nyumba ya kuta tatu. Na pembeni alisimama Vuai, na mbuzi yake yenye mguu mmoja kwapani.

Waziri akatoka. "Mnataka nini?"

Vuai akasema, "Bwana Waziri, tumekuja kwa Fundi Mkuu. Alivichukua vyombo kazi zikiwa katikati, na kwa ada ya mafundi kazi hizi zimemfuata. Hawa ni wateja wake."

Waziri akasema, "Mjinga wewe. Ada za mafundi hazimfungi Sultani."

"Ni kweli, bwana. Zinawafunga mafundi tu. Tuambie kwamba Sultani si fundi, nami nitawarudisha watu hawa majumbani mwao sasa hivi."

Sultani aliyasikia maneno hayo kutoka dirishani. Akateremka bila kungoja kuvishwa viatu. "Nani amesema mimi si fundi?"

"Hakuna, maulana," akasema Vuai. "Waziri alikuwa karibu kusema."

"Waziri hajui. Leteni vyombo. Aanze wa kwanza."

Mbaruku akakalishwa barazani kwenye kigoda, akapakwa sabuni. Akaomba ruhusa ya kwenda kumuaga mkewe, akanyimwa. Sultani akaushika wembe kama mtu anayeshika samaki aliye hai. Akautazama upande huu, akaugeuza, akaurudisha. Kinyozi, aliyekuwa amekuja kutazama pamoja na mafundi wenzake, akafumba macho. Sultani akavuta mara moja, toka chini kwenda juu, kwa nguvu. Ndevu zilibaki zote. Nyusi ya kushoto haikubaki.

Mbaruku akajipapasa uso, akaipata nyusi moja, akaendelea kuitafuta ya pili.

"Huyu tumwache apoe," akasema Sultani. Akauweka wembe chini, akalichukua koleo. "Aje wa jino."

Yule mtu ambaye kwa siku zote zile hakuweza kusema, akasema, "Limepona."

"Nimeliona likicheza."

"Lilikuwa likifurahi, maulana. Limepona."

Sultani akamwendea. Mtu akarudi nyuma, na safu yote ikarudi nyuma pamoja naye, mpaka yule bibi akakikalia kitanda chake bila kutaka. Ndipo Vuai akapiga magoti.

"Maulana, leo ni Ijumaa. Ulitutaka tukubaliane kipi ni chombo bora. Tuulize sasa hivi, koleo likiwa mkononi mwako."

Sultani akasimama. "Haya. Kipi ni bora kuliko vyote?"

Mafundi na wateja, waliokuwa wamebanwa ukutani, wakajibu kwa sauti moja, "Wembe."

Sultani akashangaa. Hata seremala alikuwa amesema wembe, na mshona kofia pia. Akaliweka koleo chini. "Nami niliuona wembe ule kuwa na kitu," akasema, akauchukua tena. "Kwa hiyo ni wembe?"

"Koleo," wakasema wote, na sauti ya Mbaruku ilisikika kuliko za wengine.

Sultani akauweka wembe, akanyanyua msumeno. Bibi mwenye kitanda akasema, "Chochote kisichokuwa msumeno, mwanangu." Na watu wote wakasema, "Chochote kisichokuwa msumeno."

Sultani akautazama msumeno, akawatazama watu, akautazama uso wa Mbaruku, ambao sasa ulikuwa na ndevu upande mmoja na nyusi upande mwingine. Akaanza kutikisika mabega. Kisha akacheka, akacheka mpaka akakaa chini juu ya zulia katikati ya vyombo, na Waziri, alipohakikisha kwamba ni kicheko, akacheka naye.

Alipopata pumzi akasema, "Mmekubaliana. Kwa kauli moja, mara tatu. Kila mtu achukue chake."

Hawakungoja neno la pili. Kinyozi alimkalisha Mbaruku pale pale barazani akammalizia ndevu, na baada ya kufikiri kidogo akamnyoa na nyusi ya pili, ili uso ulingane. Mshona kofia aliitafuta sindano yake kwenye zulia, na watu wote wakazuiwa kutoka mpaka ilipopatikana.

Vuai akaipokea tezo yake. Akaipangusa mafuta ya waridi kwenye shuka, akaiweka begani. Kisha akaitua ile mbuzi yenye mguu mmoja mbele ya Sultani.

"Hii ni nini?"

"Kazi yako, maulana. Chombo umekirudisha, lakini kazi ulikuwa umekwisha ichukua."

Waziri akafumbua kinywa, Sultani akamwinulia mkono. Akaigeuzageuza mbuzi ile. Akasema, "Vuai, nikikupa posho ya jumbani, mchele na samaki kila siku, wewe na mkeo, utakaa nami mpaka niimalize?"

"Nitakaa, maulana. Lakini tezo utaishika nikiwa nimesimama nyuma yako, si mbele."

Basi wakakaa. Sultani akaharibu magogo mengi na zulia moja, na Bi Mize akanenepa. Hatimaye mbuzi ikakamilika, ina miguu minne, na mitatu kati ya hiyo iligusa sakafu. Sultani mwenyewe akaipeleka jikoni kwa mikono yake. Mpishi mkuu akaikalia, ikamwangusha kushoto. Akaikalia tena, ikamwangusha kulia. Akaulizwa maoni yake, akasema kwamba katika miaka yake yote ya upishi hajaona mbuzi kama ile.

Sultani akafurahi sana. Akaamuru kwamba tangu siku hiyo nazi za jumbani zikunwe kwa mbuzi hiyo peke yake, na kwa muda wote wa utawala wake, wali wa mchana katika jumba la Mwambakoko uliliwa baada ya magharibi.