Kapu la Mbegu la Mzee Semndili

Jumatatu, tarehe kumi na tisa ya mwezi wa tano, saa kumi na moja na nusu alfajiri, watu wakiwa bado msikitini, Mzee Semndili wa Kwasemhando aliitwa na Mola wake. Hakika sisi ni wa Mwenyezi Mungu, na kwake tutarejea. Asubuhi ile mahindi yake yalikuwa yameanza kutoa ndevu. Yalikuwa mahindi ya kwanza kupandwa katika shamba lile baada ya miaka miwili, naye hakuyaonja.

Aliacha mke, Bi Mwamvita, na watoto watatu, na kila mtoto Mungu alimjalia jambo lake.

Hizza, mkubwa, alijaliwa kuona mbele. Mwonyeshe shamba tupu, atakwambia litakuwaje msimu wa tatu kuanzia leo. Nyange, wa pili, aliyerudi nyumbani baada ya kuachika, alijaliwa jicho na mkono. Gugu moja katikati ya mazao aliliona kama wewe unavyouona unywele kwenye uji. Mwidau, kitinda mimba, alijaliwa ulimi. Mtu aliyetaka kubaki na hasira zake alimkwepa njiani, asije akacheka.

Tena Mzee aliacha wasia. Jikoni kwake, juu ya moshi, lilitundikwa kapu jeusi la kuwekea mbegu. Katika nyumba ile, anayeshika kapu ndiye anayeamua kipandwe nini na kipandwe wapi, na wengine humfuata. Mzee alilipokea kutoka kwa mama yake. Alipozidiwa alimwita mkewe.

"Mama Hizza, kapu mpe aliyeliponya shamba langu. Mmoja tu. Shamba la mabwana watatu halina bwana."

"Nikishindwa kumjua?"

"Utamjua. Wewe ndiye uliyewazaa."

Bi Mwamvita aliitikia kwa kichwa. Wasia wa marehemu ni amana.

Sasa sikilizeni ugonjwa wenyewe. Shamba lile lilikuwa la mahindi, vuli na masika, mahindi juu ya mahindi, tangu Mzee akiwa kijana. Ndipo kikaingia kiduha, gugu lenye maua ya zambarau, zuri kama pambo la bibi harusi. Wengine huliita gugu chawi. Hunyonya mizizi ya mahindi chini kwa chini, na kabla halijachomoza, mahindi yamekwisha kudumaa na kugeuka manjano, hata mvua ikinyesha. Mbegu zake ni kama vumbi. Hulala ardhini miaka na miaka, zikingoja mzizi wa mahindi upite karibu ndipo ziamke.

Mzee hakuyajua hayo. Aliona tu kwamba umanjano umeanzia upande wa juu, mpakani kwa jirani yake, Mzee Mbelwa. Akasema, "Huyu kaniroga." Akaacha kumsalimia. Wazee wawili waliosoma chuo cha Kurani pamoja, kwa mwalimu mmoja, wakawa wanapishana njiani mmoja akitazama kushoto na mwingine kulia.

Hizza ndiye aliyeanza. Alikwenda kwa bwana shamba, akauliza, akarudi, akazunguka shamba kutwa nzima. Jioni akamkalia baba yake mbele.

"Baba, tuache mahindi. Misimu minne."

"Nyumba isiyo na mahindi yake ni nyumba ya nani?"

"Tupande kunde kwanza. Halafu alizeti, halafu karanga, halafu choroko. Kunde nazo huiamsha mbegu ya kiduha. Ila ikiamka inakuta hakuna cha kunyonya. Inakufa na njaa."

Mzee alifikiri. "Kwa hiyo unaidanganya."

"Naidanganya, baba."

"Haya, danganya," akasema, akacheka, na kapu likatundikwa likiwa na mbegu zake ndani. Watu walisema Semndili amekuwa mchuuzi wa kunde. Hizza hakuyumba. Kila msimu alisimama katikati ya shamba na kusema hapa hiki, pale kile, na hakuna aliyepanda kinyume. Bila yeye, wangeendelea kulilisha gugu kwa mikono yao wenyewe.

Lakini mpango haung'oi kitu. Ndani ya kunde yaliota mahindi ya maotea, punje zilizodondoka zamani, na pembeni yaliota manyasi ya porini, na kiduha kikanyonya humo. Hapo ndipo Nyange alipoingia. Mvua ikikatika tu, udongo ukiwa laini, yumo shambani ameinama. Aling'oa maotea, akang'oa manyasi, na kila kiduha alikitoa kabla hakijachanua, akakichoma moto shimoni. Mikono ilimchubuka. Mama yake akimwambia apumzike, anacheka.

"Mama, mume wangu nilimvumilia mpaka akatoa maua. Hiki sikingojei."

Bila yeye, mbegu moja ingezaa vumbi jipya, na hesabu zote za Hizza zingekuwa maneno ya barazani.

Na hata hivyo, kila mvua kubwa ilishuka na maji ya shamba la juu, na maji yale yalibeba mbegu. Hizza hakuwa na la kufanya kule. Nyange hakuwa na ruhusa ya kukanyaga. Mzee Mbelwa alikuwa ameapa kwamba mtu wa nyumba ya Semndili asivuke mpaka wake. Mwidau akavuka.

"Mwana wa Semndili," Mzee Mbelwa akasema, "huogopi kuingia kwa mchawi?"

"Shikamoo, baba. Naogopa sana. Lakini nimesikia kwa mchawi leo kumepikwa bada."

Mzee Mbelwa alijizuia, akashindwa, akacheka. Mwidau alikula bada lile, ugali wa muhogo, mpaka sufuria likabaki tupu, ndipo akasema, "Baba, mahindi yako nayo ni ya manjano. Mchawi gani anajiroga mwenyewe?"

Mzee yule alitazama upande wa shambani kwake. "Baba yako anisalimu. Yeye kwanza. Mbele za watu."

Kumpata Mzee Semndili kulichukua msimu mzima wa maneno. Mwishowe alisema, "Salamu nitatoa. Kusimama sisimami." Ijumaa moja, mlangoni mwa msikiti, alitoa salamu huku akitembea. Mzee Mbelwa aliupokea mkono wake na hakuuachia. Wakasimama pale, wazee wawili, watu wakiwapita. Baada ya siku ile mashamba yote mawili yakafuata mpango mmoja, Nyange akang'oa juu na chini, na vijana wakachimba mfereji mpakani kuyageuza maji. Bila Mwidau, kila walichoponya kingeugua tena kwa mvua moja.

Hao ndio watatu, na kazi zao ndizo hizo.

Masika ya mwaka huu Hizza akasema sasa. Mbegu zikashushwa kapuni, zikapandwa. Mahindi yakatoka ya kijani kibichi, na kiduha kikawa cha kutafuta. Mzee hakuweza tena kushika jembe. Alijikongoja na mkongojo mpaka pembeni, akasimama. "Yana rangi," alimwambia mkewe. Wiki ile ile akalala, na hakuamka kitandani tena.

Siku ya arobaini, hitma ilisomwa, watu wakala, wakaondoka mchana. Bi Mwamvita akalishusha kapu tupu, akaliweka mkekani mbele ya wanawe.

"Baba yenu alisema nimpe aliyeliponya shamba. Semeni."

Hizza alikohoa. "Mama, si kwa kujisifu. Bila mpango, mkono ungeng'oa mpaka kiama."

"Mpango!" Nyange akasema. "Kaka, wewe ulisimama kivulini ukaonyesha kwa kidole. Kidole hakichubuki."

"Na nyote wawili," Mwidau akasema, "mngeng'oa na kupanga mpaka mzeeke, maji ya Mzee Mbelwa yakawaletea mbegu nyingine bure. Mimi ndiye niliyekula bada la mchawi."

Wakacheka kidogo, kicheko cha kwanza tangu msiba. Bi Mwamvita naye akatabasamu. Akaona kwamba kila mmoja amesema kweli, na hakumjua wa kumpa. Ili apate nafasi ya kufikiri akachukua mahindi mabichi yaliyovunjwa asubuhi, akachochea makaa, akachoma. Harufu ikajaa uani. La kwanza akampa Nyange.

Nyange alilishika, likamwunguza, hakuliweka chini wala hakulitia mdomoni.

"Siwezi, mama."

"Una nini?"

"Aliniomba." Machozi yakamtoka. "Vuli iliyopita. Alikuja shambani na punje mkononi. Akasema, 'Nyange, niachie mashimo machache hapa nyuma ya nyumba. Nichome hindi la shamba langu kabla sijaondoka.' Akafukia mwenyewe kwa kidole. Yalipoota, niliyang'oa. Nilimwambia, baba, hata shina moja ni chakula cha kiduha."

Hizza aliinua uso. "Na wewe alikuomba?"

Nyange na Mwidau wakamgeukia.

"Mimi alinijia kabla ya kupanda," Hizza akasema. "Nikamjibu msimu bado mmoja. Nilimjibu kama ninayemjibu mtoto."

Mwidau ndiye aliyekawia, yeye aliyekuwa na maneno daima. "Alinituma niwaombe ninyi. Alisema, 'Wewe una ulimi, nisemee.' Nikamfanyia mzaha. Nikamwambia, mzee mzima unalilia mahindi kama mjamzito? Akacheka. Sikuwasemea. Nilijua mtakataa, na mlikuwa na haki ya kukataa."

Bi Mwamvita aliketi. Usiku mmoja wa vuli ile mumewe alikuwa amemwambia, "Wanangu wamekuwa wakali kwa shamba langu kuliko mimi," na yeye akajibu, "Subiri, mume wangu, ni msimu mmoja tu." Alikuwa amedhani amemfariji. Hindi lingine lilikuwa likiungua juu ya makaa na hakuna aliyeligeuza.

Hizza alilisukuma kapu kwa Nyange. "Chukua wewe. Ulitoka damu kwa ajili yake."

"Niling'oa alichopanda kwa mkono wake. Siwezi kulitazama kapu lake." Akalisukuma kwa Mwidau.

"Mimi?" Mwidau akasema. "Nilipewa neno moja la kufikisha, sikulifikisha." Akalirudisha kwa Hizza.

Basi kapu ambalo punde tu kila mmoja alilitaka, sasa kila mmoja alilikimbia. Na vuli inakuja. Ardhini mbegu za kiduha bado zipo, zimelala. Ikipita vuli bila mshika kapu, kila mmoja atapanda analolitaka kwenye pembe yake, mahindi yatapandwa juu ya mahindi, na kazi yote ya miaka miwili itarudi ilikotoka. Ni lazima awepo mmoja wa kusema hapa hiki, pale kile, na wa kusema hapana pale inapobidi, hata kwa mtu anayempenda.

Bi Mwamvita aliwatazama mmoja mmoja. Aliona kwamba kama wangempa mashimo machache yale, pengine Mzee angekula hindi lake vuli ile, na pengine leo wangekuwa wamekaa mbele ya shamba la manjano. Hakuweza kusema walikosea. Hakuweza pia kusema kwamba haiumi. Akalivuta kapu, akalipakata.

"Mama, sema," Hizza akamwomba.

"Nimesikia," akajibu. Kapu likabaki mapajani mwake.

Wasikilizaji wangu, mimi hapa ndipo ninapofika. Wasia ni wa mmoja, nao ni watatu. Kama si Hizza, shamba lisingepona. Kama si Nyange, lisingepona. Kama si Mwidau, lisingepona. Na kila mmoja alimnyima Mzee alichokiomba: mmoja kwa mpango, mmoja kwa mkono, mmoja kwa kunyamaza. Je, ungekuwa wewe ndiye Bi Mwamvita, umelipakata kapu lile na wanao wanakutazama, ungempa nani?

Jibuni taratibu. Na kabla ya kujibu, tumwombee.

Ewe Mola, msamehe Mzee Semndili, mrehemu, lipanue kaburi lake na ulitie nuru. Alitamani chakula cha shamba lake, akakikosa hapa kwetu. Mruzuku Wewe matunda ya peponi yasiyo na msimu. Na sisi tuliomwambia asubiri, utusamehe. Amina.