Makopo Yaliyolala

Kuinamako ndiko kuinukako, walisema wahenga, na wako watu wanaodhani maana yake ni kupiga magoti mbele ya kila mwenye sauti kubwa. Watu hao hawakumjua Msusi.

Msusi alikodi chumba cha mwisho katika nyumba ya wapangaji. Asubuhi alisuka wateja wake barazani; jioni alitunza miche ya mipapai aliyoipanda kwenye makopo ya maziwa. Mwenye nyumba wapangaji walimbandika jina la Bwana Marufuku, kwa kuwa hakuna alichokipenda kama kukataza. Paa la Msusi lilivuja hadi godoro likaota ukungu, na kila alipodai litengenezwe aliambiwa ana mdomo. Siku moja Msusi akamwambia mwenye nyumba, mbele ya wapangaji wote, kwamba anakodisha mvua.

Bwana Marufuku alipandwa na mori. Aliyapiga makopo teke, yote yakalala ubavu.

"Ukisimamisha kopo hata moja kabla hujaniomba radhi, siku hiyo hiyo unahama," alisema.

Majirani walimsihi aombe radhi yaishe, kwani chumba kingine angekipata wapi? Msusi aliumia, maana miche ile aliilea kama watoto, lakini aligoma katakata. Hakugusa kopo. Kila jioni aliinama tu, akaitilia miche maji kwa kijiko pale pale ilipolala.

Haukupita muda, vichwa vya miche vikajikunja, vikasimama wima. Bwana Marufuku alikuja mbio na kufuli mkononi, akidai amri yake imevunjwa.

"Mzee, hebu tazama vizuri," Msusi alisema. "Kopo gani limesimama?"

Hakuna. Kwa hasira akayabingirisha yalalie upande wa pili, miche ikatazama sakafu. Wiki haikuisha, ikajikunja upya na kuinuka. Sasa kila shina lilikuwa na mikunjo miwili, na watoto wa nyumba nzima walimwonyesha kila mgeni alama za ugomvi ule. Wapangaji walicheka, na kicheko kikawatoa woga. Walikwenda kwa mwenye nyumba wakamwambia kwamba akihama Msusi, wanahama wote.

Fundi wa paa alifika kesho yake. Bwana Marufuku naye alikuja kimya kimya, akainama kuyasimamisha makopo kwa mkono wake.

"Yaache yalale, mzee," Msusi alisema. "Miche imeshasimama yenyewe."

Msusi hajaomba radhi hadi leo, na chumba ni chake. Wahenga hawakukosea: kuinamako ndiko kuinukako.