Kahawa Iliyoliwa na Habari

Nilikuja, nikaona!

Mbona kimya? Semeni, "Ona, nasi tuone!" Haya. Na wewe uliyejificha nyuma ya mwenzako, usisinzie, kisa hiki ni cha ukoo wenu.

Zamani hizo, wajukuu zangu, bei ya kahawa haikukaa huku Bukoba. Sisi tulikaa na kahawa, bei ikakaa Ulaya. Ilikuja kwa meli ya ziwani, ikapanda vilima midomoni mwa watu, na kila mdomo ukatia chumvi yake.

Alikuwapo mtu akiitwa Kyaruzi, na mkewe Kokugonza. Nyumba yao ya nyasi ilivuja. Ilivuja mlangoni, ikavuja kitandani, ikavuja hata pale anapoketi mgeni. Mwaka huo mibuni yao ikazaa sana, ghala likajaa magunia.

Kokugonza akasema, "Baba Kagemulo, tuuze, tununue mabati. Nimechoka kulala na sufuria kifuani."

"Kwa bei hii? Bei imeanguka, mama. Ngoja ipande."

"Basi nipe gunia moja tu, liwe langu."

Kyaruzi akacheka. "Chukua, ukalitupe!"

Kokugonza akaliuza siku ileile. Kwa bei ile mbaya akapata mabati machache, akaezeka jiko lake dogo la uani. Majirani wakamcheka: jiko lina mabati, nyumba ina nyasi!

Kyaruzi yeye akakaa mlangoni kungoja habari. Sasa desturi yetu mnaijua: mgeni akifika hupewa kwanza kahawa ya kutafuna. Na mgeni mwenye habari ya bei, je? Huyo humpi punje mbili kama unalisha kifaranga.

Wa kwanza kuja alikuwa Ndibalema, jirani yake, mtu asiyekosa gatini meli ikitia nanga.

"Hodi!"

"Karibu, keti, tafuna, sema!"

Ndibalema akatafuna, akatafuna, akatafuna. "Bei imeshuka," akasema. "Lakini nasikia itapanda."

Akaja mwingine. "Karibu, keti, tafuna, sema!" Akatafuna, akatafuna, akatafuna. "Bado haijapanda. Lakini itapanda."

Ikajulikana kilima kizima kwamba kwa Kyaruzi habari haitoki bure. Watu ambao meli hawajaiona wakaja na habari za meli! Kahawa ya kutafuna ikaisha. Kyaruzi akafungua gunia la kuuza, akamwambia mkewe, "Chemsha hii, uikaushe, iwe ya kutafuna."

"Baba Kagemulo, unawalisha watu mabati yetu."

"Wewe habari za Ulaya unazijuaje?"

Msicheke. Babu yenu hakosi bei za kahawa redioni, naye hana hata mbuni mmoja.

Masika yakaingia. Siku moja Ndibalema akaja mbio, amelowa chapachapa, hakungoja kuketi. "Imepanda! Kyaruzi, bei imepanda maradufu!"

Kyaruzi akamkumbatia, akakimbilia ghalani. Akatikisa gunia: tupu. Akatikisa jingine: tupu. Katika la mwisho akakuta konzi moja. Na kwa kuwa desturi ni desturi, na safari hii habari ilikuwa ya kweli, akampa Ndibalema akaitafune njiani. Kisha akalia, mwanamume mzima. Ilimuuma sana.

Mvua ikazidi. Nyumba ikavuja mpaka pakakosekana pa kusimama. Kyaruzi akakimbilia uani, kwenye jiko la mabati.

"Hodi!"

"Nani huyo, na ana habari gani?"

"Ni mimi. Bei imepanda."

"Habari njema hiyo," Kokugonza akajibu kutoka ndani, pakavu. "Ningekupa kahawa utafune, lakini imekwisha. Ingia tu, usizidi kulowa."

Ndiyo maana wazee husema fimbo ya mbali haiui nyoka. Na bei ya mbali, wanangu, haiezeki nyumba.

Nami nilipomwona Kyaruzi amechutama mekoni anakausha kanzu, nikasema niondoke, nije niwasimulie ninyi. Haya, kalaleni.